Nusu Inchi Zinazokataana: Historia ya Kipande Kinachosimamisha Shamba

Leo historia yetu ni ya kitu kinachoenea kiganjani: fitingi, kile kichwa cha chuma kinachounga mpira wa haidroliki na mashine.

Msimu huu mpira wa haro ya kikundi chetu cha kilimo ulipasuka. Trekta ni kuukuu, ya Kiingereza, lakini injini ilikuwa nzima na dizeli ilikuwepo. Bila mafuta kufika kwenye silinda, haro hainyanyuki. Ikabaki imezama udongoni siku tisa, na mvua ndiyo hiyo imeshaanza. Mvua haisubiri spea.

Mjini tuliuziwa fitingi ya "nusu inchi". Ikaingia mizunguko michache, ikagoma. Sasa inakuwaje nusu inchi mbili zikataane? Jibu liko kwenye historia.

Zamani kila karakana ilikata hesi zake (mafundi wanaziita thredi), na nati ya huku haikuingia kwenye bolti ya kule. Mwaka 1841, mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza hesi za aina moja, zenye pembe ya digrii 55. Mwaka 1864, huko Marekani, William Sellers akaja na zake za digrii 60. Kila upande ukashika lake, na tofauti hiyo ikaingia hata kwenye mabomba.

Hapo ndipo mtego ulipo. Nusu inchi ya Kiingereza, BSP, na ya Kimarekani, NPT, zote zina hesi 14 kwa kila inchi. Ndiyo maana zinaanza kuingiana kama ndugu. Ukikaza, pembe zinakataana: inagoma au inavuja. Tena ukiipima kwa nje unapata karibu milimita 21, wakati nusu inchi ya rula ni milimita 12.7. Jina lilifuata tundu la mabomba ya zamani, halikufuata unene wa nje.

Vita Kuu ya Pili viliwaumiza wakubwa wenyewe, maana vipuri vya Uingereza na Marekani havikuoana. Novemba 1948, nchi hizo mbili pamoja na Kanada zilikubaliana hesi ya pamoja ya bolti na nati. Mabomba yakabaki na yake.

Miaka hiyohiyo Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, alikuwa anasambaza trekta lake dogo la kijivu, linaloinua jembe kwa nguvu ya mafuta. Kuanzia 1946 hadi 1956 yalitengenezwa zaidi ya 500,000 kule Coventry, Uingereza. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada. Kuanzia 1965 Uingereza ikaanza kuhamia vipimo vya milimita. Kwa hiyo mashine moja ya zamani inaweza kuwa na inchi hapa, milimita pale, na juu yake viraka vya mafundi wa miaka yote.

Kanda yetu ililipia somo hili mapema. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Walileta mashine zilizobaki vitani, mpaka vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Nyingi ziliharibika mapema, karakana na vipuri vikiwa bado havitoshi. Udongo mgumu na uhaba wa mvua vikamalizia. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, zaidi ya pauni milioni 35 zimepotea. Urambo iko Tabora, mkoa uleule ambako wazee wetu waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu kulima kwa jembe la mkono.

Haro yetu iliokolewa na fundi mwenye vitu viwili: kaliper na geji ya hesi. Alipima kipenyo, akahesabu hesi, akalinganisha pembe, akatazama pia mdomo wa ndani, kwa sababu koni nazo hutofautiana. Yetu ilikuwa BSP, na tuliyouziwa ilikuwa NPT. Tulichukua fitingi ya zamani pamoja na kipande cha mpira, tukatafuta karakana yenye mashine ya kubana mipira ya haidroliki. Fitingi za bomba la maji alizikataa kabisa: hazibebi shinikizo hilo.

Na jamani, usitafute kuvuja kwa kidole. Mafuta ya shinikizo hutoboa ngozi na yanaweza kukukatisha mkono. Tumia kipande cha katoni. Kabla ya kufungua chochote, shusha haro chini, zima injini, kisha cheza na lever mpaka shinikizo liishe.

Kwa vijana: kila mashine iwe na daftari lake. Fitingi ipi, hesi ngapi, pembe gani, ilipatikana wapi.

Kwenu wa mashirika: tunashukuru kwa matrekta. Lakini kabla ya makabidhiano na picha, ulizeni mpira wake unabanwa wapi na fitingi zake zinauzwa mji gani. Kama hakuna anayejua, mnaleta Kongwa nyingine, ndogo tu kuliko ile.

Sisi daftari letu tumeshalifungua. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: haro, BSP nusu inchi, hesi 14, digrii 55.