Dada wa kambo wa Cinderella walianza lini kuwa na sura mbaya?

Aliyemjua Cinderella kupitia filamu ya Disney ya 1950 huamini kuwa dada zake wa kambo walikuwa na sura mbaya tangu zamani. Maandishi ya kale hayasemi hivyo. Charles Perrault, aliyechapisha ngano hiyo Paris mwaka 1697, anawalaumu kwa majivuno, na mwishoni Cinderella anawasamehe na kuwaoza kwa wakubwa wa ikulu siku hiyohiyo. Ndugu wawili Grimm wa Ujerumani, mwaka 1812, waliandika wazi kwamba nyuso za dada hao zilikuwa nzuri; kilichooza ni moyo. Kilichokua ni adhabu: toleo la 1819 likaongeza njiwa wanaowadonoa macho siku ya harusi. Sura mbaya ilikolezwa na majukwaa ya Uingereza, ambako wanaume walivaa magauni na kuwaigiza ili watu wacheke.

Ndiyo maana Gregory Maguire, Mmarekani, hakuiharibu ngano alipotoa riwaya yake Confessions of an Ugly Stepsister mwaka 1999. Anaihamishia Haarlem, Uholanzi, karne ya 17. Margarethe, mjane aliyekimbia Uingereza na binti zake Iris na Ruth, hana mali wala ndugu wa kumpokea. Wanapata hifadhi kwa mchoraji, na Iris anakalishwa achorwe na maua ya mwituni mkononi, kwa sababu tu hana uzuri. Mama wa namna hiyo akiolewa na tajiri, kisha akawapigania wanawe hadi kuwadhulumu wengine, hilo lina chanzo. Hata kwa Grimm, mama anayempa bintiye kisu akate kidole cha mguu ili kiatu kimwenee anapiga hesabu ya maisha: malkia hatembei kwa miguu. Wapo watakaosema kwamba ngano isiyo na mwovu haimfunzi mtoto. Lakini Margarethe hasafishwi, anaelezwa tu.

Pingamizi lenye uzito ni la kihistoria. Riwaya inaiangusha nyumba ya tajiri aliyemwoa Margarethe pamoja na bei za maua ya tulipu, zilizoporomoka Februari 1637. Mwanahistoria Anne Goldgar, katika kitabu chake cha 2007, alipekua kumbukumbu za Uholanzi akakuta waliofilisika kwa maua hayo ni wachache mno. Hekaya ya taifa zima kuangamia ilienezwa sana na mwandishi Charles Mackay mwaka 1841. Hapo Maguire kaegemea ngano nyingine. Hata hivyo, mjane asiye na kitu hakuhitaji anguko la tulipu ili aogope njaa, na kwa hilo utetezi wa Maguire kwa hao dada unasimama.