Mawazo ya Bana Shaba

Mtu wa Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, akilemewa na maisha hasemi kwamba ana ugonjwa wa akili. Husema: "Niko na mawazo mingi." Neno hilo, mawazo, lina historia katika mji huu. Wataalamu wa saikolojia walipofika hapa mara ya kwanza hawakuja kulisikiliza. Walikuja kupima.

Iliyowahitaji ni kampuni ya madini. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Lomami, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 iliona ni hasara kuwarudisha makwao kila mara, ikaanza kuwaweka kambini na wake zao na watoto. Mluba wa Kasai akapakana na Mbemba, na Kiswahili kikawa lugha ya uani. Kampuni ilitoa nyumba, posho, shule na hospitali, hata wazee wakawa wanasema kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama.

Miaka ya 1950 kampuni hiyo ilikuwa na kituo chake cha saikolojia katika mji huu, uliokuwa bado ukiitwa Elisabethville. Swali lake lilikuwa la mwajiri: nani anafaa kufundishwa ufundi? Mojawapo ya vipimo vya wakati huo ni kile cha Raven cha mwaka 1938: karatasi yenye mchoro uliokatwa kipande, na mtoto achague kipande kinachoziba pengo. Kwa mtoto ambaye hajazoea michoro ya karatasini, pengo hilo ni fumbo juu ya fumbo. Wanasaikolojia Paul Verhaegen na Jean-Louis Laroche waliliona tatizo hilo, na mwaka 1958 wakaandika juu ya ugumu wa kutunga vipimo vinavyowafaa Waafrika. Mwaka uliofuata Laroche alichapisha utafiti juu ya watoto wa Katanga waliorudia jaribio lile lile. Nauthamini kuliko mwingine wote wa enzi hiyo, kwa sababu ukishaanza kuuliza mazoea yanabadilisha nini, huwezi tena kusema kwamba alama za siku ya kwanza ndizo akili ya mtoto.

Mwanasaikolojia Mfaransa André Ombredane alijaribu njia nyingine. Alichukua mtindo wa picha za kusimulia hadithi uliobuniwa Marekani, akatumia picha zenye watu na mazingira ya Kongo, na mwaka 1954 akachapisha matokeo. Wazo lilikuwa zuri: mpe mtu picha inayofanana na maisha yake, kisha mwache aseme. Lakini jina la kitabu chake lilizungumzia fikra za "Weusi", kana kwamba mchimbaji wa Katanga na mkulima wa Kasai wana kichwa kimoja. Jina hilo linaniuma hadi leo. Maria Leblanc, katika kitabu chake cha 1960, angalau alikuwa na swali lenye mipaka: mwanamke wa Katanga anabadilikaje anapokutana na maisha mapya?

Wakati huohuo, mbali na maabara, kulikuwa na padri Mfransisko, Placide Tempels. Wengi wanamjua kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, kilichochapishwa kwa Kifaransa hapa mjini mwaka 1945. Mimi navutwa zaidi na yaliyotokea Ruwe, karibu na Kolwezi, mwaka 1953. Aliwauliza wafanyakazi wa mgodi na wake zao wanachokitamani wao wenyewe. Majibu yakakusanyika katika maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Hapo ikazaliwa harakati ya Jamaa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeifanyia utafiti Katanga katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba mawazo ni nguzo ya mafundisho yake: si wasiwasi wa mtu mmoja, bali fikra ambazo watu hupeana na kushirikiana. Jamaa haikuwa kliniki, na maaskofu hawakuikubali yote. Ila mume na mke waliketi pamoja, wakazungumza, wakasikilizwa kwa Kiswahili.

Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa, na saikolojia ikapelekwa Kisangani. Lubumbashi ilikuja kupata tena kitivo chake, lakini mji ulikuwa umeanza kuumia. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 hazikufika 50,000. Kati ya 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu mengi. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walilipwa waondoke kazini. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa ameshaipa hali hiyo jina katika kitabu chake cha 2001: Bana Shaba, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao.

Hapo ndipo naona kazi ya mtabibu wa akili katika mji huu. Aliyefukuzwa, akapoteza nyumba na majirani, ana mawazo. Aliyebaki akamwona jirani akipakiwa kwenye treni ana mawazo pia. Mzee aliyepoteza kazi, posho na heshima mbele ya watoto wake ana mawazo. Neno ni moja, majeraha hayafanani, na kipimo kilichotungwa kwa watu wengine huyafanya yawe alama moja tu.

Leo mji una kituo cha magonjwa ya akili kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo. Kina jina la Joseph Guislain (1797–1860), daktari wa Gent, Ubelgiji, aliyetaka wagonjwa wa akili watendewe kama watu. Madaktari wa nchi hii husomea kwa Kifaransa, na mgonjwa huja na Kiswahili chake. Akisema "niko na mawazo", ni rahisi kuandika neno la kitabuni na kumwita anayefuata. Swali linalomfungua huchukua muda zaidi: "Mawazo gani, papa? Yameanza wakati gani?"