Daftari la Mwenye Duka wa Tukuyu

Habari za Rungwe zilizotiwa vitabuni si haba. Wamisionari wa Kimoraviani, waliojenga kituo chao chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891, waliandika. Maofisa wa Kijerumani, waliojenga boma Tukuyu na kulibandika jina la Neu-Langenburg, waliandika. Na Godfrey Wilson pamoja na mkewe Monica, waliokaa miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 wakichunguza ndoa, maziko na vijiji vya marika, waliandika kupita wote. Humo twawakuta machifu, wachungaji, waombea mvua na walowezi wa chai, kila mmoja na sura yake; lakini mtu aliyejua kuliko hao wote nani ameoa, nani amefiwa, nani amerudi safari na nani hana chumvi nyumbani kwake, yaani mwenye duka, hupitiwa kwa mstari mmoja au miwili, aghalabu katika hesabu za leseni na ushuru. Naona huko ni kumdhulumu, na makala haya yakusudia kumpa sehemu ya haki yake.

Duka la Tukuyu lilizaliwa na njia ya maji. Zamani za Wajerumani, kabla ya motokaa, bidhaa za Ulaya ziliingia kwa mdomo wa Mto Zambezi, zikapanda Mto Shire, zikalivuka Ziwa Nyasa hadi bandari ya Mwaya, na kutoka hapo zikabebwa vichwani mwa watu mpaka mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500. Kila jora la marekani lilikuwa limekwisha kulipiwa nauli, ushuru na ujira wa wapagazi kabla halijafunuliwa mbele ya mnunuzi. Baadaye Waingereza walipoitwaa nchi, na dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu Chunya hata mji wa Mbeya ukakua, malori yakashika nafasi ya vichwa vya wapagazi. Walakini Rungwe ni nchi ya mvua, ipatayo zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu nyingi, na barabara ya udongo ikishalowa huwa haina muamana. Basi mwenye duka mwenye busara alikuwa ni yule aliyejaza ghala lake chumvi, viberiti, mafuta ya taa na sabuni ya mche kabla masika hayajafunga njia, na asiyepandisha bei pindi mwenzake alipoishiwa.

Wengi wa wenye maduka wa kwanza walikuwa Wahindi waliotoka Kutch na Gujarat, na nyumba zao zilijengwa kwa namna moja: mbele baraza, ambapo fundi aliketi na cherehani yake, kisha kaunta na rafu za kanga, kaniki, blanketi na majembe, na nyuma, nyuma ya pazia tu, vyumba vya aila nzima. Biashara na unyumba havikuwa na mpaka. Mke alipima sukari kwa ratili mumewe alipokwenda kufuata shehena, watoto walijifunza hesabu kwa kurudisha chenji na Kinyakyusa kwa kusikiliza wateja, na babu aliyekwisha kuacha kazi alikaa mlangoni akiamkiana na wapitao kwa majina yao. Kanisani na msikitini watu walikutana kwa siku maalumu. Dukani walikutana kila siku, chifu na kibarua kwa zamu moja, na mtoto aliyetumwa kununua uzi wa senti tano akapewa nyongeza ya peremende ili kesho asikwepe kutumwa tena.

Lakini roho ya duka ilikuwa daftari la madeni, na hapa ndipo ningependa msomaji atue kidogo. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Kiingereza iliweka sheria ya kuzuia mkopo kwa Waafrika: mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali hakuwa na njia ya kudai haki yake mahakamani. Ilisemwa kwamba sheria hiyo yamlinda mwananchi asizame katika madeni. Kwa kweli ilimfungia pia Mwafrika aliyetaka rasilimali ya kuanzisha biashara yake. Ajabu ni kwamba mikopo haikukoma. Mkulima alichukua jembe mwezi wa kupanda na kulipa baada ya mavuno ya kahawa. Yule wa mabondeni Kyela, iliyokuwa wakati huo ndani ya wilaya ya Rungwe, alilipa mpunga ulipokobolewa. Mkopo huo wote, usio na hati, hakimu wala dhamana, ulisimama juu ya neno la watu wawili na wino wa daftari moja. Mwenye duka aliyefanya muamala wa namna hiyo miaka thelathini alipaswa kuwajua wateja wake, na baba zao, na mashamba yao, na maradhi yao, kwani kutowajua kungalimfilisi.

Ujuzi huo ndio uliomfanya awe msaada pasipo cheo. Vijana wa Rungwe walikwenda kwa maelfu kutafuta kazi, kwanza Lupa, kisha migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ile ya dhahabu ya Afrika Kusini, na wake na wazazi wao wasiokuwa na sanduku la posta walipokea barua kwa sanduku la duka. Mwenye duka au mwanawe aliisoma barua kwa sauti ya chini ili jirani asisikie, akaandika jawabu, akaiweka fedha iliyotumwa mpaka ng'ombe wa mahari apatikane. Na palipotokea msiba, kwa kuwa Mnyakyusa humsitiri maiti wake kwa nguo na jamaa huja na nguo zao mkononi, mlango wa duka uligongwa hata usiku wa manane. Kitambaa kilikatwa kwa taa ya kandili, jina likaandikwa, na bei haikutajwa mpaka matanga yameanuliwa.

Sisemi kwamba wote walikuwa waadilifu. Wako waliochezea mizani, na wako walioinunua kahawa kwa bei ya kumwonea mkulima, na manung'uniko hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma Wanyakyusa kuunda chama chao cha ushirika mwishoni mwa miaka ya 1940. Wakati huo huo wananchi waliorudi kutoka vitani na migodini walikwisha kufungua maduka yao ya miti na bati vijijini. Hao walikopesha kwa dhiki kubwa zaidi, kwani mdeni alikuwa shemeji au mjomba, na kumnyima ndugu ni aibu kuliko kufilisika.

Baada ya Uhuru dola ilitaka kuishika kazi hiyo yenyewe. COSATA, shirika la ugavi wa bidhaa kwa vyama vya ushirika, ilianzishwa mwaka 1962, maduka ya ushirika yakafunguliwa. Baada ya Azimio la Arusha biashara ya jumla ikawa mali ya umma. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yakataifishwa, na jamaa nyingi za Kihindi zikahama nchi. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ya kufunga maduka ya watu binafsi vijijini, nayo ikasimamishwa mwaka huo huo kwa sababu maduka ya ushirika hayakuwa tayari kuwatosheleza watu. Nia ilikuwa njema, kwani unyonyaji ulikuwepo. Ila karani wa duka la kijiji, aliyehamishwa kila baada ya miezi michache, hakuwa na daftari la aina ile, wala hakuruhusiwa kuwa nalo. Miaka iliyofuata, ya uhaba wa sukari, sabuni na kanga, hata mwenye duka mwema aliyeweka akiba yake ya masika aliogopa kuitwa mlanguzi, hasa mwaka 1983, wahujumu uchumi walipokamatwa. Mwaka 1984 milango ya biashara ilipofunguliwa tena, wengi wa wale wazee walikuwa wamekwisha kufa au kuhama, na watoto wao wametawanyika Mbeya, Dar es Salaam na Uingereza.

Madaftari yao mengine yangali makabatini kwa wajukuu, yenye majalada yaliyochakaa na majina ya vijiji vyote tangu Masoko hadi Mwakaleli. Humo mna bei ya chumvi ya kila mwaka, mna mavuno mabaya na mema, mna waliosafiri wasirudi, na mna madeni yaliyopigwa mstari kwa huruma bila kulipwa. Mwanahistoria wa Rungwe hatapata hazina kama hiyo bomani. Unyevu wa Tukuyu huila karatasi upesi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nyaraka za Taifa wana watu wajuao kuinakili. Wajukuu wenye madaftari hayo wasiyatupe, na wasomi wetu wasingoje kuitwa. Waende Tukuyu wakayaombe.