Reale ya Sham: sarafu iliyoishi kuliko malkia wake

Maria Theresia, aliyetawala Austria, Hungaria na Bohemia kwa miaka 40, alifariki Vienna tarehe 29 Novemba 1780. Kwa desturi ya falme, mtawala akifa sura yake huondoka kwenye sarafu na ya mrithi huchukua nafasi. Kwa sarafu moja ya malkia huyu haikuwa hivyo. Mamilioni kwa mamilioni ya reale zenye sura yake yamechapwa tangu afariki, na karibu zote zina mwaka mmoja: 1780.

Wahabeshi waliiita birr. Unguja na mwambao waliijua kama reale ya Sham, na ilishika soko kwa sababu vipimo vyake havikuguswa.

Vipimo hivyo vilitokana na mapatano ya Austria na Bavaria ya mwaka 1753. Kwa mapatano hayo, uzito wa marki moja ya Cologne ya fedha safi, takribani gramu 233.9, ulitakiwa kutoa sarafu 10, si zaidi wala si pungufu. Hivyo kila sarafu ikawa na gramu 23.39 za fedha safi, na ikichanganywa na shaba ili iwe ngumu, uzito wote ukafika gramu 28.07. Katika kila sehemu sita za madini, tano ni fedha na moja ni shaba. Upana wake ni kama milimita 40.

Sura nayo ilikuwa na kanuni zake. Upande mmoja yupo malkia katika ushungi wa ujane, kwani mumewe, Franz, alifariki mwaka 1765. Kichwani ana taji dogo la lulu, begani ana bizimu, na chini ya kifua zimo herufi S.F., za maofisa wawili wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg. Upande wa pili kuna tai mwenye vichwa viwili. Kwenye ukingo yamechorwa kwa herufi za kuinuka maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na huruma. Maandishi hayo yalikuwa pia kinga: mtu akikwangua fedha pembeni, wizi wake unaonekana papo hapo.

Iliyoivusha bahari ni kahawa. Wafanyabiashara wa Ulaya walipofika Mokha, Yemen, walikuwa na bidhaa chache ambazo wenyeji walizitaka, basi wakalipa kwa fedha. Wauzaji wa Bahari ya Shamu wakaizoea reale hii hata wakawa hawataki nyingine. Ndiyo maana malkia alipofariki, viwanda viliendelea na sura ileile na mwaka uleule. Sarafu yenye uso mgeni ingekataliwa sokoni.

Wengi wa wapokeaji hawakuweza kusoma Kilatini, lakini waliijua sarafu kwa macho na vidole. Walihesabu lulu za taji, wakatazama bizimu ya begani, wakapapasa ukingo. Iliyosagika hata lulu zisionekane ilikataliwa, au ilipokewa kwa bei ya chini.

Unguja ya karne ya 19 iliweka hesabu zake nyingi kwa reale: pembe, karafuu na ushuru wa forodha. Reale ya Sham ilikutana huko na reale ya mzinga, sarafu ya Kihispania ambayo nguzo zake mbili zilionekana kama mizinga. Hata mizani iliifuata sarafu, kwani wakia moja ilikuwa uzito wa reale moja ya fedha. Mwaka 1882 Sultani Barghash bin Said alitoa reale zenye jina lake, lakini zilikuwa chache. Iliyokuja kushika soko la visiwani ni rupia ya India.

Waliojaribu kuing'oa reale ya Sham huko Uhabeshi walipata taabu zaidi. Mfalme Menelik II alichapisha birr zake Paris mwaka 1894, zenye sura yake mwenyewe, lakini hazikuitoa ile ya malkia. Waitalia walitoa sarafu ya Eritrea mwaka 1890 ikakataliwa. Mwaka 1918 wakarudi na nyingine yenye sura ya mwanamke, uzito uleule, na fedha iliyozidi kidogo: sehemu 835 kwa 1,000 badala ya 833. Hiyo nayo ilikataliwa. Madini yalikuwa bora kidogo, lakini mwanamke hakuwa yule.

Dola kubwa zililijua hilo. Mwaka 1867 Uingereza ilipotuma jeshi la Jenerali Robert Napier kuwakomboa mateka wa Mfalme Tewodros, iliagiza reale kutoka Vienna ili kulipia chakula na wanyama wa mizigo. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Ethiopia, alipata kwa Austria haki ya kuichapa sarafu hii Roma kwa miaka 25. Wafanyabiashara wa Aden na nchi jirani nao waliihitaji, hivyo kuanzia mwaka 1936 London ikaichapa bila kujali mkataba huo. Baadaye zilifuata Brussels, Bombay na Birmingham. Wote walifuata vipimo vilevile vya 1753, kwani anayepunguza fedha angejiharibia soko.

Hatimaye benki za taifa ziliimaliza. Ethiopia ilitoa fedha zake mpya mwaka 1945, na Oman ikafuata mwaka 1970. Reale nyingi ziliyeyushwa na masonara zikawa vikuku, mikufu na mapambo ya jambia. Kiwanda cha Vienna bado kinaichapa kwa ajili ya wakusanyaji, na bado kinaandika 1780.

Kwa hiyo, ukiikuta reale ya bibi kwenye kasha la nyumbani, usiamini mwaka ulioandikwa. Inaweza kuwa ya wakati wa Barghash au ya kiwanda cha Uingereza cha miaka ya 1950. Ipeleke kwenye mizani ya sonara: ikiwa ni halali na haijalika sana, itakuwa karibu na gramu 28. Hesabu lulu, soma ukingo, wala usiisugue kwa dawa ya kung'arisha, maana wanunuzi wa sarafu za kale hupunguza bei ya iliyosuguliwa.