Wesley Alihubiri Hata Juu ya Wanyama

Masomo: Mwanzo 2:15, Warumi 8:19-22, 2 Petro 3:5-14



Kwetu Wapentekoste, tukisikia jina la Wametodiste tunasema upesi: hao wanabatiza watoto wachanga, hawaneni kwa lugha, ibada yao ni ya kitabu. Tofauti zipo, na mimi sizifichi. Nasimama upande wa ubatizo wa mtu aliyeamini. Lakini hao ni babu zetu katika imani, na tulipotoka nyumbani kwa babu tuliacha mzigo mmoja nyuma ya mlango.

John Wesley alizaliwa mwaka 1703 huko Epworth, Uingereza, mtoto wa padri wa Kianglikana. Alipokuwa Oxford, yeye na ndugu yake Charles na wenzao wachache walikutana kusoma Maandiko, kufunga na kutembelea wafungwa, kila jambo kwa saa yake. Wanafunzi wengine waliwacheka kwa utaratibu huo, wakawaita watu wa methodi. Jina la mzaha likawa jina la kanisa. Mwaka 1735 alisafiri kwenda Georgia, Marekani, kuwa misionere. Njiani dhoruba ilipiga meli; Wamoravia kutoka Ujerumani waliimba zaburi wakati yeye, mtumishi wa Mungu, anaogopa kufa. Alirudi Uingereza akiwa ameshindwa. Ndipo tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo wa njia ya Aldersgate, London, mtu mmoja akisoma maneno ya Luther juu ya Waraka kwa Warumi, Wesley alipata hakika kwamba Kristo ameondoa dhambi zake yeye mwenyewe.

Sisi hupenda kusimama hapo. Katika chuo cha Biblia nilikosoma, somo la Wesley liliishia usiku huo, tukapita kwenye uamsho wa Marekani. Na ni kweli njia inafika kwetu. Mafundisho yake ya utakatifu yalizaa vikundi vya utakatifu huko Marekani. Charles Parham alikuwa mhubiri wa Kimetodiste kabla hajafundisha juu ya ubatizo wa Roho. Mwanafunzi wake William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, aliongoza mikutano ya Azusa Street kuanzia 1906. Hata hapa Congo tuliingia karibu pamoja: Wametodiste walifungua kituo cha Wembo Nyama mwaka 1914, na mwaka uliofuata Wapentekoste William Burton na James Salter wakafika Mwanza, kwa Waluba wa Katanga.

Lakini baada ya Aldersgate Wesley aliishi miaka karibu 53 tena. Alifanya nini?

Mwaka 1739 alitoka nje ya kanisa, akawahubiria watu uwanjani karibu na Bristol, pamoja na wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kingswood, ambao hakuna aliyewajali. Waliookoka hakuwaacha wazurure. Kuanzia 1742 aliwagawa katika madarasa ya watu kama 12, na kiongozi alipaswa kumwona kila mmoja kila juma na kumwuliza nafsi yake inaendeleaje. Mwaka 1743 akawaandikia kanuni tatu: wasidhuru, watende mema, washike njia za neema, yaani sala, Neno, Meza ya Bwana na kufunga. Nani asiyezijua njia za neema? Sisi tunafunga siku tatu, siku saba, hata ishirini na moja. Ile ya kwanza ndiyo tunaipita mbio.

Kwa Wesley, kutokudhuru kulikwenda mbali. Katika hubiri lake juu ya matumizi ya fedha, lililochapishwa 1760, alimruhusu Mkristo kutafuta mali kwa bidii yote. Halafu akaweka mpaka: isiwe kazi inayoharibu mwili, na akataja wale wanaoshika aseniki na madini mengine yenye sumu, na wanaovuta hewa yenye moshi wa risasi iliyoyeyushwa. Ndugu wa Likasi na Kolwezi, someni tena mstari huo. Mzee huyo hakuwahi kuona Katanga.

Wahubiri wake, ambao walisafiri kwa farasi, waliagizwa wawahurumie wanyama hao: wasiwakimbize kupita kiasi, na wahakikishe kwa macho yao wenyewe kwamba farasi amesuguliwa, amelishwa na ametandikiwa mahali pa kulala. Yaani mhubiri amechoka, sauti imekauka, wenyeji wamemwandalia chakula, na bado anatakiwa aende zizini kwanza! Sijui wangapi kati yetu mapasta tungeweza.

Mwaka 1781, akiwa mzee, alifundisha Warumi 8 na kusema waziwazi jambo ambalo sijalisikia katika mimbara zetu. Alisema mwanadamu aliwekwa kuwa njia ambayo baraka za Mungu zilipitia kuwafikia viumbe wengine. Tulipoanguka, njia ikaziba, nao wakateseka bila kutenda kosa. Na siku ya ukombozi wa wana wa Mungu, wao pia watafunguliwa. Basi anayengojea siku hiyo aanze sasa kuwaonea huruma. Wametodiste wa leo hawakubuni jambo hili kwa sababu ya mikutano ya wakubwa juu ya hali ya hewa. Kanisa la Muungano la Metodiste lilipoandika Kanuni zake za Kijamii mwaka 1972, lilianza na ulimwengu wa asili. Lilirudi kisimani kwake.

Kuna atakayenijibu kwa 2 Petro 3:10: dunia itateketea, ya nini kuhangaika na miti? Mimi mwenyewe nimehubiri hivyo, na watu wakasema amina, na kesho yake wengine wakaenda kuchoma makala. Lakini Petro katika mstari wa 6 anasema dunia ya zamani iliangamia kwa maji. Baada ya gharika, Noa alipanda mizabibu juu ya udongo upi? Ulikuwa udongo uleule. Wesley aliandika pia juu ya Ufunuo 21:5, mwaka 1785, akapitia moto, hewa, maji na ardhi, akieleza namna kila kimoja kitakavyofanywa upya. Na tukiisoma ile 2 Petro 3 mpaka mstari wa 14, mtume anadai tukutwe bila waa. Mto uliotiwa sumu na mkono wangu ni waa, hata kama nanena kwa lugha.

Katika kikundi chetu cha sala cha mtaa nimeongeza ulizo moja juu ya yale ya kawaida: kazi yako ya juma hili imemdhuru nani? Mara ya kwanza watu walinyamaza kwa muda mrefu. Kisha ndugu mmoja, mnunuzi wa mawe ya madini, alisema kwamba mama wanaomwoshea mawe hushinda ndani ya maji mpaka kiunoni, na wengine wana watoto mgongoni. Dada mmoja akamwuliza ni mto gani. Alipoutaja, dada akasema, “Sisi tunateka maji chini ya hapo.” Hatukuimba wimbo wa kufunga jioni ile. Tulibaki tumekaa, tukianza kuhesabu gharama ya kuchimba shimo la kuoshea mbali na mto, na nani atatoa kiasi gani.