Profesa aliyerudi kutambaa ili atembee

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mjini New York, profesa Pedro Bach-y-Rita, mzee wa miaka 65, alipatwa na kiharusi, ugonjwa ambao huku Kongo wengi wanauita AVC. Nusu ya mwili ilipooza na maneno hayakutoka tena. Mwanawe George, aliyekuwa anasomea udaktari nchini Mexico, akamchukua kuishi naye huko.

Wakati ule madaktari wengi waliamini kwamba ubongo ukiharibika, basi. Mzee alipewa mazoezi ya wiki nne tu, na hali haikubadilika.

George hakujua lolote kuhusu kazi hiyo, na pengine ndiyo bahati yenyewe. Aliona kwamba mtoto hutambaa kabla ya kutembea, hivyo baba naye aanze chini. Kwa miezi mingi mzee alitambaa kando ya ukuta, bega dhaifu likiegemea hapo asianguke. Majirani walikasirika: vipi profesa anatambazwa nje kama mbwa? Familia haikuacha. Walicheza gololi sakafuni, mzee akijaribu kuzidaka. Hata kusafisha sufuria kuligeuka zoezi: mkono mzima unashika, ule dhaifu unazunguka ndani, dakika 15 upande mmoja, dakika 15 upande mwingine. Kutoka kutambaa akapiga magoti, akasimama, akatembea. Baada ya mwaka mmoja hivi alikuwa amerudi kufundisha.

Miaka michache baadaye moyo ulimsimamia akiwa anapanda milima Colombia. Maiti ilipopasuliwa, ubongo ulikutwa bado na jeraha kubwa ambalo halikupona kamwe. Sehemu zilizobaki nzima ndizo zilizochukua kazi. Mwanawe mwingine, daktari Paul, alibadilisha njia ya kazi yake na kuwa mtafiti wa jambo hilo.

Miaka ilivyopita, hospitali nyingi zilianza kumwinua mgonjwa mapema, maana kitanda kinaleta vidonda, damu kuganda na ugonjwa wa mapafu. Lakini haraka nayo ina mpaka wake. Mwaka wa 2015 utafiti uitwao AVERT, uliofuata wagonjwa 2,104 katika nchi tano, ulionyesha kwamba waliosimamishwa mara nyingi na kwa muda mrefu kuanzia saa 24 za kwanza walipona vibaya kidogo kuliko wale wa matunzo ya kawaida. Wa kawaida nao hawakuachwa kitandani: wengi waliinuliwa ndani ya siku ya kwanza au ya pili, ila kwa mazoezi machache zaidi.