Kuondolewa kwa Marais nchini Peru

Rais wa Peru huchaguliwa kwa muhula wa miaka 5. Pedro Pablo Kuczynski, mshindi wa 2016, na Pedro Castillo, mshindi wa 2021, wote waliondoka Ikulu kabla ya kutimiza miaka 2. Makamu waliowarithi, Martín Vizcarra na Dina Boluarte, nao waling'olewa na Bunge, mmoja mwaka 2020 na mwingine 2025.

Silaha ya Bunge ni ibara ya 113 ya Katiba ya 1993, inayoruhusu kiti cha urais kitangazwe kuwa wazi iwapo rais amepungukiwa kwa kudumu kimwili au kimaadili. Maneno hayo yamerithiwa kutoka katiba za karne ya 19. Siku hizi upungufu wa kimaadili ni lolote ambalo wabunge 87 kati ya 130 watakubaliana, wala uamuzi wao hauhitaji kuthibitishwa na mahakama. Korea Kusini ni tofauti: Bunge lilimsimamisha Rais Park Geun-hye Desemba 2016, lakini aliyemwondoa, Machi 2017, ni Mahakama ya Katiba baada ya kusikiliza ushahidi.

Tuhuma za rushwa hazikosekani Peru, ila tuhuma pekee hazimwangushi rais. Huanguka asiye na wabunge wa kumkinga. Chama cha Kuczynski kilipata viti 18. Cha mpinzani wake, Keiko Fujimori, kilipata 73. Kuczynski alinusurika kura ya kumwondoa Desemba 2017, akajiuzulu Machi 2018 baada ya kufichuliwa video za washirika wake wakitafuta kununua kura za wabunge. Vizcarra hakuwa na chama bungeni. Novemba 2020 aliondolewa kwa kura 105, akituhumiwa kupokea hongo alipokuwa gavana wa Moquegua, wakati uchunguzi haujakamilika. Spika Manuel Merino alipochukua urais, vijana walifurika barabarani, wawili wakauawa, naye akajiuzulu kabla ya wiki kwisha.

Castillo asichanganywe na Vizcarra. Tarehe 7 Desemba 2022 alitangaza kulivunja Bunge kinyume cha Katiba, na siku hiyohiyo akaondolewa kwa kura 101. Hapo Bunge lilikuwa likiitetea Katiba; kwa Vizcarra liliitumia kumaliza ugomvi wa kisiasa.

Septemba 2020 Mahakama ya Katiba ya Peru iliombwa ieleze mipaka ya ibara ya 113. Novemba, kwa kura 4 dhidi ya 3, ililitupa shauri bila kutoa tafsiri, na kwa hilo inastahili lawama.